Mafuta ya Nazi Kwenye Filta

Wako watu hapa Mishomoroni ambao hadi leo wakiniona na kamera huinama kutazama sakafu, halafu wanacheka, na siwalaumu, maana ningekuwa wao ningecheka zaidi.

Kadzo, binti wa mjomba wangu, alikuwa anaolewa, na mama mkwe wake, mama wa bara, alitaka kuleta mpiga picha kutoka Nairobi. Kadzo akamwambia mbele ya watu, "Mama, kaka yangu Charo anatosha." (Kwa haki, mama hakukataa. Alinitazama viatu tu.) Basi heshima ya Kadzo kwa wakwe ikawa inaning'inia shingoni mwangu pamoja na kamera.

Nami, fundi mkubwa, nikanunua filta ya UV, kile kioo chembamba kinachofungwa mbele ya lenzi ili vumbi, upepo wa chumvi na vidole vya watoto viishie hapo. Muuzaji alinieleza habari za miale ya jua, nikatikisa kichwa kama niliyeelewa. Lakini huku kwetu chumvi hula kila chuma, kufuli ikikosa mafuta utavunja mlango, kwa hivyo asubuhi ya harusi nikajiuliza, je, filta ikigandia kwenye lenzi? Nikaitendea kama kufuli. Nikachukua mafuta ya nazi (yale yale ya nywele, msinihukumu bado), nikapaka ukingo wote, nikaifunga, ikazunguka yenyewe. Nikajiona profesa.

Kanisani joto lilikuwa la kuokea mkate. Kamera nilikuwa nimeiunganisha kwa waya na skrini kubwa ya mbele ili waalikwa wote waone (hakuna aliyeniomba). Bibi harusi akaingia, na kwenye skrini akatokea amezingirwa na mwanga mweupe, uso hauonekani, kama anaelea. Shangazi mmoja akapiga kigelegele. "Haleluya! Utukufu umeshuka!" Kanisa likainua mikono, mchungaji akafumba macho. Mimi peke yangu nilijua kuwa utukufu ule ni mafuta ya nazi yaliyoyeyuka yakatambaa hadi katikati ya kioo.

"Mbona hata spika imeshukiwa?" akauliza mama mkwe, kidole kwenye skrini.

Nikapangusa kwa leso yangu ya jasho. Sasa maharusi wakawa wako ndani ya uji. Mchungaji alipoitisha pete nikaamua kuitoa filta kabisa, na niseme ukweli, mafuta yalifanya kazi yake vizuri mno, maana haikuganda hata chembe. Iliteleza vidoleni, ikaanguka, ikabingirika juu ya vigae huku inalia kling, kling, ikaingia chini ya gauni la bibi harusi.

Mwenye akili angeiacha huko. Mimi nikapiga magoti nikaifuata, kamera shingoni, waya nyuma yangu, nimesahau kabisa kwamba skrini inaonyesha kila kinachoonwa na kamera. Kwa hivyo waalikwa, badala ya pete, wakaonyeshwa viatu vya mchungaji, kisha viatu vya bwana harusi, kisha pindo la gauni likikaribia, likikaribia...

"Huyo anatafuta nini huko chini?" Mama mkwe tena.

"Kaka Charo," Kadzo akanong'ona bila kuondoa tabasamu, "pete nimeshavishwa. Umepiga?"

"Bado."

"Utapiga."

Akaomba warudie, na mchungaji, mtu mpole, akakubali. Bwana harusi akavuta pete. Wapi! Kidole kilikuwa kimevimba kwa joto. Akazungusha, akavuta tena.

"Mwanangu!" mama yake akapaza sauti. "Hata amina haijasemwa, unamvua pete?"

Kadzo akanigeukia. "Kaka, unanukia nazi. Unayo?"

Nilikuwa nayo, mfukoni.

Picha ya kwanza safi ya siku ile, bila filta, bila ukungu, ni ya bwana harusi akimvua mke wake pete, kidole kinameremeta mafuta, mchungaji kashikilia mkono, mama mkwe mdomo wazi. Nilizipiga pia za pete ikirudi kidoleni, na ni nzuri (nadhani), lakini mama mkwe aliichagua ile ya kwanza akaitundika sebuleni, na kila mgeni akija huambiwa, "Aliyepiga hii ndiye niliyeambiwa anatosha."

Kadzo hajanitetea tena mahali popote, na ana haki. Filta niliiokota baada ya ibada, na bado ninayo. Siku hizi naifunga kavu, na ikigandia, nizikwe nayo.