Stuli Kumi na Hesabu Yangu

Karakana nzima inaniita Profesa, kwa sababu napiga hesabu za mbao kichwani kabla wenzangu hawajapata futi ya kupimia. Jina hilo nimelipenda kuliko ninavyolistahili.

Miwani ya mama ilihitaji elfu themanini. Alikuwa haoni tena hata uso wa mtu aliyekaa mbele yake. Mimi alinitambua kwa kikohozi. Nikaamua kutengeneza stuli kumi, kila moja iniachie elfu nane, niziuze kwenye duka la mtandaoni. Duka lenyewe hukata asilimia ishirini ya bei. Basi mimi, msomi wa randa na msumeno, nikatafuta asilimia ishirini ya elfu nane, nikaiongeza juu yake, nikaandika bei: elfu tisa na mia sita. Nikamwambia mama ajiandae, kazi imekwisha.

Stuli zikaisha ndani ya wiki mbili. Pesa ikaingia elfu sabini na sita na mia nane. Nikawaka! Nikawapigia simu wenye duka, nikawaita wezi, wala rushwa, na mengine ambayo sitayarudia. Dada wa upande wa pili akanisikiliza kwa upole uliouma.

"Kaka, umeuza elfu tisa na mia sita. Ishirini kwa mia yake ni elfu moja mia tisa na ishirini. Ndiyo tuliyokata."

Nikakata simu. Mama alikuwa kitini, amesikia yote.

"Kwani wanakata kwenye elfu nane yako, au kwenye anacholipa mteja?"

"Anacholipa mteja."

"Basi kigawe mafungu matano. Moja lao, manne yako. Manne yakiwa elfu nane, fungu moja ni ngapi?"

"Elfu mbili."

"Na yote matano?"

"Elfu kumi, mama," nikajibu kwa sauti ya mtoto aliyekojoa kitandani. Alicheka mpaka akashika mbavu.

Stuli ya kumi na moja niliiuza elfu kumi, ikaniachia elfu nane kamili. Tukaenda duka la miwani. Mama akaivaa, akanitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu, hizo mvi zimeanza lini?"

"Mwaka juzi."

Akanishika kichwa. Nilijawa na aibu tu. Tangu mwaka juzi nilikuwa nikimwambia tutakwenda duka la miwani mwezi ujao.