Neno la Skola

Juzi nilipita sokoni Mpanda kununua sabuni ya bweni, nikakutana na harufu ya migebuka ya chumvi, wale samaki wa ziwani kwetu, kwenye meza ya mama mmoja wa Karema. Nikasimama. Yule mama akadhani kapata mteja. "Mwanangu, nikufungie wangapi?" Lakini kichwani nilikuwa nina miaka kumi, nimevaa gauni jeupe la Komunyo ya Kwanza, na wivu umenijaa.

Nawaambia nyie tu, tena kwa kuandika, maana kwa mdomo siwezi.

Babu mzaa mama alisoma seminari miaka michache, kisha akaacha akaoa. Upadri aliuacha, Kilatini hakukiacha. Kila mjukuu aliyekaribia Komunyo alimpa neno moja la Kilatini liwe lake, na siku ya sherehe mtoto anasimama mbele ya ukoo kulisema na mabadiliko yake yote. "Kiswahili kinageuza kichwa," alitufundisha, "mtu, watu. Kilatini kinageuza mkia. Ukiuona mkia, unajua neno linatenda au linatendewa."

Mwaka ule tulikuwa wawili, mimi na Skola. Mama yake, mama yangu mkubwa, alikuwa amefariki, naye akaletwa kwa Babu, uani hapohapo tulipoishi sisi. Mimi nilimzidi miezi miwili.

Skola akapewa lux. Mwanga. Lux, lucis, luci, lucem, luce. Babu akamweleza kuwa jina la Lusia limetoka humo, na kwamba Warumi wakitaka kusema mtoto amezaliwa, husema ameingia kwenye mwanga.

Mimi nikapewa sal. Chumvi.

Jamani, chumvi! Kwa watu wa ziwani, ambako kila nyumba ina gunia lake la kukaushia samaki! Babu akajitahidi kunipambia: eti ndilo lililozaa salari, mshahara wa Wazungu, kwa kuwa zamani askari walipewa posho ya chumvi. Sikutaka kusikia. Nikanong'ona, "Na huyo Lusifa naye si katoka kwenye lux ya Skola?"

Babu akacheka mpaka akakohoa. "Unaona, mchumba wangu? Sal maana yake pia ni utani wenye ladha. Wewe huongei, lakini ukiongea chakula kinakolea."

Mtoto mwingine angefurahi. Mimi nilisikia chumvi tu.

Nikaanza kujificha nyuma ya jiko jioni, Skola anapofundishwa. Nilijua wanapopumua. Babu alimrudishia taratibu, bila haraka, kwa sauti ambayo sikuwahi kusikia akiitumia kwangu, nami moyo ukawa unachemka kama maharage. Baada ya wiki mbili nililijua neno lake kuliko langu.

Siku ya sherehe nikatangulia, kwa kuwa mkubwa. Mimi, ambaye hata kuitika jina darasani nilikuwa natetemeka, nilisimama wima nikasema: lux, lucis, luci, lucem, luce. Watu wakapiga makofi. Nani angejua kuwa neno si langu? Walijua watu wawili tu pale, Babu na Skola.

Skola akasimama. Akafungua mdomo, akanitazama, akaufunga, akakaa. "Huyu kameza ulimi na pilau!" mjomba akapiga kelele, turubai zima likaangua kicheko.

Nilingoja Babu anichape. Hakunigusa. Alisema tu, "Umelisema vizuri," akaenda kuwanawisha wageni mikono. Mdogo wangu alipofikia Komunyo akaomba neno lake, Babu akamjibu Kilatini kimemchosha. Hakumpa tena mtu neno.

Likizo iliyopita tulikuwa tunamenya mihogo, mimi na Skola, ndipo akanisimulia bila hasira, kama anasimulia habari za mtu mwingine. Baada ya mazishi ya mama yake alikuwa anaogopa giza, hapati usingizi. Babu akampa lile neno, akamwambia alirudie kitandani polepole, hatafika la tano, luce, macho wazi. Na kweli, akawa analala.

"Baada ya sherehe kila nikilianza nasikia sauti yako," alisema. "Nikawa naacha koroboi inawaka. Bibi ananigombeza kwa kumaliza mafuta."

Nilikuwa nimeona alichopewa. Kwa nini kapewa, sikujiuliza hata siku moja, ingawa kwenye msiba wa mama yake nililia mwenyewe.

"Skola, lichukue," nikamwambia. "Ni lako."

"Dada, nilishalisahau. We si unalijua?"

Ninalijua. Akavuta muhogo mwingine, akaendelea kumenya. Nikabaki na maneno mawili ya Babu kichwani, na hakuna hata moja la kumwomba mtu msamaha.