Kioo cha Mama Mkwe

Watu wa Kamembe wakiniuliza kama hizi gari za siku hizi, zenye kamera na kengele, zinamlinda dereva au zinamvuruga akili, huwa nawaambia wamemuuliza mtu anayestahili. Nani mwingine? Shule niliiacha darasa la nne. Nimesukuma kitoroli mpakani, nikapanda baiskeli ya mizigo, kisha moto, yaani pikipiki, kisha lori ambalo taa zote za dashibodi zilikuwa zimekufa kabla halijafika mikononi mwangu. Lori hilo nililiendesha miaka mingi kwa masikio tu. Injini ikikohoa najua, gurudumu likilalamika najua. Hata kuku sikuwahi kumgusa. Basi nilipojinunulia gari ndogo yenye skrini kubwa kama sinia la ugali, niliona hakuna kitu humo ndani cha kunishinda.

Hiyo gari inaona nyuma. Inaona ubavuni. Ukikaribia kitu inalia, na usiposikia inajikamatia breki yenyewe. Wiki ya kwanza niliizungusha kituo cha mabasi mara tatu bila safari yoyote, ili wale madereva wa zamani waliokuwa wakinicheka na kitoroli changu waone. Waliona.

Aliyekuwa hajaona ni mama mkwe wangu.

Mama mkwe ni mjane, anakaa kisiwani Nkombo. Miguu imeanza kumkatalia, siku hizi akipanda mtumbwi anabebwa kama gunia. Mwaka mzima mke wangu alimwomba ahamie kwetu Kamembe, chumba kipo, kitanda kipo. Akakataa. Sababu haikuwa kisiwa. Sababu ilikuwa mimi.

"Ule bwana yako anaendesha sawa vile anafukuzwa," alimwambia binti yake. "Nikikaa kwake, siku moja atanipakia."

Bado alinikumbuka nikiwa kijana wa moto, yule aliyemwangusha binti yake mferejini wiki mbili kabla ya harusi. Tumezaa, tumesomesha, tumejenga, lakini kwa mama mkwe mfereji ule haujakauka.

Kisha ukaja ubatizo wa mtoto wa shemeji yangu, huko Nzahaha, na mama mkwe akakubali kuja. Asubuhi ile mke wangu alinivuta pembeni akanishika ukosi wa shati.

"Papa batoto, akifika muzuri leo, atabaki na siye. Akishtuka, tumemukosa. Na mimi sitaki tena kuona mama yangu anabebwa ku mutumbwi."

"Mama batoto," nikasema, "mu hii gari hata malaika anaweza kusinzia."

Sasa, kwa asiyejua: kwetu mkwe hamtazami mama mkwe machoni. Unamsalimu ukiangalia viatu vyako. Huli mbele yake. Kwa hiyo hakuweza kukaa mbele kando yangu. Alikaa nyuma, katikati, mke wangu ubavuni mwake. Mimi nikaingia, nikafunga mkanda, nikainua kichwa, na kwenye kioo cha ndani nikakutana na macho yake mawili, mazima, yananitazama. Nilishtuka kama mwizi. Ningefanya nini? Nilikisukuma kioo kikatazama dari. Kamera ninayo, nikajiambia. Kamera haina aibu.

Buti ilikuwa imejaa makreti ya fanta, kwa hiyo kiti cha mbele kilipata abiria wake: beseni la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wabichi, beseni zima zito kama mtoto wa miaka minane. Mama mkwe alivuka nalo kutoka Nkombo, maana ubatizoni huendi mikono mitupu.

Tukaondoka. Hatujamaliza nyumba za mwisho za mji, gari ikaanza: bip. Bip. Bip.

Mabasi yetu huku yana kidhibiti mwendo. Dereva akizidisha kinalia, na abiria wote wanakijua kile kilio, hata mtoto wa mgongoni. Mama mkwe alikamata kiti changu kwa mikono miwili.

"Si nilisema? Hatujatoka hata mu muji, ameshapita mwendo!"

"Maman, niko pole pole."

"Mashine inasema uko mbio. Mashine itakuongopea juu ya nini?"

Nikapunguza. Nikapunguza tena. Mwanamke mmoja mwenye kuni kichwani akatusalimu, akauliza habari za nyumbani, tukajibu zote, na bado tulikuwa naye sambamba. Bip. Bip. Nikaangalia dashibodi. Palikuwa na taa nyekundu ambayo sikuwahi kuiona: mtu amekaa, kifuani ana mstari, na tumboni ana duara kubwa.

Mimi mchoro haunipiti. Niliusoma mara moja: mwanamke mwenye mimba. Gari inasema humu ndani kuna mjamzito!

Akili yangu ni ya mbio, ikaanza kupiga hesabu za miezi. Mke wangu tayari ni bibi wa wajukuu wawili. Lakini si wiki iliyopita alikataa chai? Si alilala mchana? Na ningemuulizaje, mama yake akiwa amekaa pale pale? Maneno ya mimba huyaweki mbele ya mama mkwe.

"Inalilia nini?" mke wangu akauliza.

"Ni kitu ya... kitu ya bamama."

"Bamama gani?"

"Acha kwanza."

Nikaanza kutafuta kwenye skrini mahali pa kuizima. Hapa ndipo ninapokiri, na sikiri mara nyingi. Nikagusa huku, redio ikalia. Nikagusa kule, ikaja ramani na sauti ya mwanamke mwenye Kifaransa cha Ulaya, akinihimiza nigeuke nirudi nilikotoka. Nikagusa tena, kiti changu kikaanza kupata moto chini yangu kama jiko. Bip. Bip.

"Papa batoto, angalia mbele!"

Mama mkwe alikuwa ameshaanza Baba Yetu.

Gari ikajikamata yenyewe. Sijui niseme nini zaidi: ilisimama kama imeshikwa shingo. Sisi mikanda ilituzuia. Beseni halikuwa na mkanda. Liliruka, na sambaza wakatapakaa kwenye skrini, kwenye kioo cha mbele, kwenye shati langu jeupe la ubatizo. Mbele ya boneti, karibu kiasi cha kupeana mkono, alisimama mwanaume akivusha baiskeli yenye mikungu ya ndizi. Alitutazama. Akawatazama samaki walioganda kwenye kioo.

"Papa," akasema, "gari yako iko na macho kukupita weye."

Akasukuma baiskeli yake akaenda.

Ile bip ilikuwa imekoma. Aliyegundua ni mama mkwe peke yake.

"Imenyamaza," akasema. "Beseni imetoka ku kiti, nayo imenyamaza. Murudishe."

Mke wangu alishuka, akazoa sambaza, akalirudisha beseni kitini. Bip.

"Mutoe."

Kimya.

"Murudishe."

Bip.

Mama mkwe, ambaye hajakaa darasani hata siku moja, aliegemea nyuma kama hakimu. "Inazani sambaza ni muntu. Inasema ule muntu hajafunga mukanda. Mumufungie."

Mke wangu akalifungia beseni mkanda. Taa ikazimika, na ndipo nikaelewa lile duara tumboni halikuwa mimba, na ule mstari kifuani ulikuwa mkanda.

"Na ile kioo," mama mkwe akaendelea, "uliipandisha sababu ya nini?"

"Heshima, Maman."

"Lori ikitutokea nyuma, utaizuia na heshima? Teremusha."

Nikakiteremsha kioo, yakaja macho yake, mimi nikakimbilia viatu vyangu.

"Hapana ku viatu. Hapa."

Nikatazama. Miaka yote ya ukwe, sikujua kwamba ana kovu dogo juu ya unyusi wa kushoto, pale pale mke wangu alipopata lake mferejini.

"Sasa sema. Ulikuwa unatafuta nini mu ile televisheni?"

Mtu hawezi kudanganya akitazamwa hivyo. "Nilizani gari inasema humu muko muntu mwenye mimba."

"Nani?" mke wangu akaruka. "Mimi? Na hizi mvi?"

Mama mkwe alianza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kitenge kikamwanguka kichwani, akapigapiga kiti changu, akasema, "Beseni! Beseni iko na mimba!" Tukacheka sote watatu katikati ya barabara, tukinuka samaki.

Basi, jibu langu kwa watu wa Kamembe ndilo hilo. Breki iliniokoa, na skrini ndiyo iliyokuwa imenipoteza, na vyote viwili vilikuja ndani ya gari moja. Niliifunika skrini kwa kitambaa, nikaendesha kwa macho yangu, na Nzahaha tulifika mtoto hajamwagiwa maji.

Jioni tukirudi hakuna aliyethubutu kumuuliza mama mkwe lolote. Mke wangu alikuwa akikunja na kukunjua leso yake tu. Tulipopanda kile kilima ambapo ziwa linafunguka upande wa kushoto, mama mkwe akakohoa.

"Ile chumba munasemaka," akasema, "dirisha yake inaona ziwa?"

"Inaona, Maman," nikajibu. "Inaona mpaka Nkombo." Nikainua macho kwenye kioo nimuone uso.

"Mbele!" akasema. "Angalia mbele. Mimi niko hapa, siendi fasi yoyote."