Maneno Ishirini na Manne ya Halfani

Halfani, mwenyeji wa Lionja, alikuwa fundi simu Nachingwea. Kibanda chake kilipakana na changu cha baiskeli. Kila akiuza ufuta alinunua bitkoini, sarafu za mtandaoni zisizoshikika, ajenge nyumba ya matofali. Nyumba ya nyasi aliyoishi na mkewe Mwantumu ilikuwa inavuja. Funguo za sarafu alizitia kwenye kidude mfano wa flashi.

"Kidude chenyewe si pesa," aliniambia. "Ukikosea namba ya siri mara kadhaa kinajifuta. Lakini ukiwa na haya maneno ishirini na manne, unanunua kingine, unarudisha kila kitu."

Alikuwa ameyaandika kwenye daftari la kibandani.

"Mbona unaniambia mimi?"

"Wewe hata na mkeo huongei. Utamwambia nani?"

Masika ile, pikipiki ilimuua njia ya Ruangwa.

Siku ya arobaini mjomba wake, mzee Mbaruku, alisimamia mgawo, maana kwetu mali hufuata upande wa mama. Akakitia kidude mfukoni. "Hii ndiyo benki ya marehemu." Mwantumu, aliyekuwa ndani kwenye eda, akaachiwa masufuria na lile daftari la kibandani.

"Atajifunza ufundi," mtu mmoja akasema. Wakacheka.

Nilikaa karibu na mlango. Wakubwa walikuwa wanaongea, nikanyamaza. Nikajiambia nitamwambia Mwantumu mwenyewe. Lakini mwanamke wa eda haonani na mwanaume asiye ndugu yake. Ningeweza kumtuma mke wangu. Niliogopa watu waseme naitamani mali ya mjane. Nikangoja ile miezi minne na siku kumi ya eda itimie.

Katikati ya kungoja, nikasikia vijana wa Ruangwa, waliopewa na mzee Mbaruku wakifungue, wamebahatisha namba mpaka kidude kikajifuta.

Eda ilipokwisha nilikwenda Lionja. Mwantumu alikuwa anakaanga korosho.

"Shemeji, umetutupa."

"Nimekuja kuulizia daftari la Halfani."

"Lile? Liliisha. Nilikuwa nachana karatasi, nafungia korosho, mdogo wangu Hafidha anauza mjini. Si anasema wewe humpiti bila kununua mbili?"

Ni kweli. Nilizila kibandani, karatasi nikafutia mikono yenye grisi.

Alinifungia nyingine mbili kwenye gazeti, akakataa hela. Nikasema ahsante. Sikusema lingine.