Safari za Nahodha Melkiades

Kila asubuhi Melkiades, nahodha wa meli ya umeme ya bandari ya Rumonge, huvaa kofia yake nyeupe na kushika usukani. Kusafiri? Thubutu! Meli ikimaliza kujaza betri zake, mji mzima umeshabaki bila umeme. Papo hapo shefu wa umeme, mkuu wa umeme wa mji, hupiga simu: "Kapiteni, turudishie!" Naye huurudisha wote, majumbani, madukani na saluni, mpaka betri ziishe kabisa. "Murakoze, asante," anaambiwa, na kesho yake meli inaanza kujaza upya. Huu ni mwezi wa nane nanga haijang'olewa.

Jioni nahodha hurudi kwake Minago kwa baiskeli.

"Baba Boaz, leo mumefika wapi?" mkewe Agneta humuuliza.

"Mbali," hujibu, akiivua kofia taratibu. "Tumefika mpaka saluni ya Merveille. Tumekausha vichwa viwili."