Barua ya Tata kwa Metroni

Kwetu Gesima baba huitwa Tata, na Tata wangu ni mzee wa kanisa la Waadventista Wasabato. Ninalisema hilo mapema kwa sababu hasira yangu inaanzia hapo, na bado haijaisha.

Nilipopata leseni ya uuguzi nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kujitolea katika hospitali ya serikali. Kila mtu alinihimiza: kajitolee, wakiona unavyochapa kazi watakuajiri. Upuuzi mtupu! Msichana wa Birongo niliyesoma naye alijitolea mpaka viatu vikatoboka, akidunga sindano na kuzalisha akina mama, na kila nafasi ilipotoka ilimwendea mpwa wa fulani. Nikakataa kuwa punda wa bure. Nikaomba kazi katika hospitali ndogo ya binafsi mjini Kisii, yenye wodi ya uzazi, kwa sababu kuzalisha ndiyo kazi niliyoipenda tangu chuoni.

Metroni, yaani mkuu wa wauguzi, mama mkali asiyecheka ovyo, aliniuliza kama ningefanya zamu za Jumamosi. Nikamjibu kwamba mtoto hachagui siku ya kuzaliwa. Akatabasamu kidogo, akaniambia nije Jumatatu na sare yangu.

Nyumbani Mama alichinja jogoo. Tata alikula, akauliza tu hospitali yenyewe iko mtaa gani.

Jumatatu metroni alinizuia mlangoni. Mkononi alikuwa na barua yenye muhuri wa kanisa letu. Wazee walikuwa wanaomba binti yao mwaminifu asipangiwe zamu yoyote tangu jua la Ijumaa linapotua hadi la Jumamosi linapotua. Chini palikuwa na saini ya Tata. Alikuwa ameipeleka mwenyewe, amevaa suti, bila kuniambia neno.

"Ulinidanganya," metroni alisema. "Hapa tuko wachache, siwezi kukupangia siku zako."

Nilimwapia kwamba sikujua. Hakutaka kusikia, na kazi ikaishia pale mlangoni.

Nilimkuta Tata akikama ng'ombe, nikamfokea kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

"Mimi nilikuwa nakusaidia," alisema bila kugeuka. "Nilitaka wakujue mapema wewe ni mtoto wa nani. Kumbe asante ya punda ni mateke."

Nilitamani kuipiga teke ile ndoo ya maziwa. Nikachukua kikapu nikaenda kuchuma chai, na tangu siku hiyo ninachuma chai, leseni imelala kabatini chini ya nguo za kanisani.

Basi Jumamosi moja, katikati ya mahubiri, Tata alishikwa na kizunguzungu, jasho likamtoka, akaanguka kwenye benchi. Tulimkimbiza Kisii, na hospitali iliyokuwa na kitanda ilikuwa ileile. Muuguzi wa zamu, msichana wa rika langu, alimpima presha, akamwekea dripu na kumfuta jasho kwa upole. Tata alipopata nafuu akamshika mkono.

"Mungu akubariki kwa kazi hii, mwanangu."

Damu ilinichemka. "Tata, leo ni siku gani?"

"Kazi ya huruma inaruhusiwa," alijibu bila aibu. "Hata Yesu aliponya siku ya Sabato."

Alijua! Wakati anaandika ile barua, wakati anaipiga muhuri, alijua. Huruma ilikuwa halali kwa binti za watu wengine, wa kwake ndiye wa kuonyeshwa kanisani. Mikono yangu ikaenda yenyewe kwenye dripu, nikapunguza mwendo wake kidogo kwa sababu ilikuwa inakimbia.

Msichana aliniona. "Kumbe na wewe ni nesi, dada?"

"Nesi kabisa!" Tata akadakia, kifua mbele hata pale kitandani. "Huyu ni wangu, amesoma, ako na leseni."

"Ya! Unafanya kazi hospitali gani?"

Nikakunja mikono, nikamgeukia Tata, nikamwachia yeye ajibu.