Riba ya Wageni

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya benki hapa Tabora mjini, nyuma ya mama mmoja mkulima wa tumbaku kutoka Usoke. Alikuja kuiweka tena akiba yake kwa mwaka mwingine, kama afanyavyo kila baada ya mauzo.

Mhudumu, binti wa rika la wanawe, alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akamsogezea fomu. Mama akaisoma taratibu, kidole kikisimama kwenye riba.

"Mwanangu, hii ni ndogo kuliko ya mwaka jana. Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, mama. Riba zimeshuka."

Mama akageuka, akaonyesha bango ukutani lililoahidi riba nono kwa atakayefungua akaunti mwezi huu.

"Na ile?"

"Ile ni ya wateja wapya."

Akafikiri kidogo. "Mimi nipo hapa tangu mume wangu yuko hai. Nikifunga akaunti leo, nikaja kesho, nitakuwa mpya?"

Binti akaenda kumuuliza meneja. Alirudi akitazama chini. "Mfumo utakukumbuka, mama."

Mama akatia sahihi. Hakuna benki nyingine anayoijua. Alipokuwa akikunja karatasi zake, aliniuliza mimi nina miaka mingapi pale. Nikamjibu kumi na minne, tena kwa kujivunia.

Akanishika mkono. "Pole, baba," akasema, akatoka. Nikabaki dirishani nisijue nimefuata nini.